Nguzo Isiyoagwa

Jumanne moja ya mwezi wa Novemba, Nyanjige alikuwa akikata boga la mwisho kati ya saba aliyokuja nayo kutoka Mwandulu. Alikata vipande vinne, akakomba mbegu na kuzitandaza juu ya ungo, na alipokishika tena kisu akakuta mpini umelowa. Akaufuta kwa upindo wa kanga. Akakata kipande cha tano, mpini ukalowa tena. Akanusa viganja vyake, vilikuwa vikavu, vinanuka boga tu. Basi akauramba mpini.

Ilikuwa mvua. Mtu aliyelima miaka thelathini haulizwi mvua ina ladha gani. Nje jua lilikuwa linawaka, na kijiji kizima cha Juhudi hakikuwa kimepata tone tangu lori la mwisho lishushe watu mwezi wa nane. Nyanjige akakisimamisha kisu ndani ya kikombe cha bati, mpini chini, akamalizia boga kwa panga, maana maji yalishaanza kuchemka.

Nyanjige alikuwa mjane wa Masele, mhunzi. Masele alipofariki aliacha sanduku la bati lenye visu arobaini na kimoja alivyovifua kutoka springi za malori, vyote havina mipini. Kisu kisicho na mpini humkata kwanza anayekishika. Tangu walipooana kazi yao iligawanyika hivyo, moto wa Masele, mti wa Nyanjige, na mti wa Nyanjige ulikuwa mmoja tu, mpingo. Wengine hupendelea mti laini kwa sababu mpingo unatesa. Unakula meno ya msumeno, unavunja keekee, na unga wake unampigisha mtu chafya mpaka anasahau alichokuwa anakitafuta. Msumari hauingii. Tundu la kuingizia mkia wa kisu alilitoboa kwa chuma chekundu, kidogo kidogo, kutwa nzima, halafu akapiga kipande cha waya wa shaba ubavuni na kuusugua mpini kwa mafuta ya kondoo mpaka ung'ae. Lakini ukishaingia umeingia. Mwenye kisu atakufa, mpini utarithiwa.

Wala mpingo haunywi maji. Ukiutupa mtoni unazama kama jiwe, ukae huko mwaka mzima, na siku ukiutoa unaufuta tu, umekauka. Kwa hiyo kulowa kwa mpini ule hakukutoka kwenye mti. Kulitoka kwingine.

Mpingo una kasoro moja. Ukiuchonga mbichi hupasuka. Ndiyo maana siku ile ya Operesheni ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vipya, mgambo walipowaambia watu wa Mwandulu kwamba wana mpaka saa sita mchana, wenzake walipakia vinu, kuku na milango ya nyumba zao, lakini Nyanjige alichukua msumeno akaenda zizini. Nguzo mbili za mlango wa zizi zilikuwa za mpingo. Masele alizisimika kwa mikono yake mwaka walipooana, na sasa zilikuwa zimekauka hasa. Aliikata ya kulia tangu saa mbili mpaka saa tano na nusu, msumeno ukaisha meno. Ya kushoto akaiacha imesimama. Masele mwenyewe alikuwa amezikwa humo humo zizini, kama anavyozikwa mwenye mji, hatua sita kutoka mlangoni.

"Gogo hilo la nini?" mgambo mmoja akamuuliza.

"Kuni."

"Huko mnakokwenda kuni zipo."

"Kwani nimesema hazipo?"

Akapandisha gogo lake, ambalo baadaye lilitoa mipini yote arobaini na mmoja. Kinu chake kikabaki. Lori lilipoondoka nyumba zilikuwa zimeshatiwa moto, ili mtu asije akapatwa na wazo la kurudi.

Sasa, jioni ya ile Jumanne ya boga, jirani yake Nyamizi alikuja na mtoto mgongoni na kisu mkononi. Nyamizi alikuwa mmoja wa wanawake kumi na wanane wa Juhudi waliokuwa na visu vya Nyanjige.

"Chako nacho kinatoka maji?" akauliza.

"Kinatoka."

"Afadhali. Nilidhani watoto wanakichezea mtungini."

Wakavilinganisha. Cha Nyamizi kilikuwa na kitu cha ziada, matone madogo ya tope jeusi, kama yale yanayoruka kwenye nguzo mvua kubwa inapopiga ardhi. Nyanjige akalisugua tope lile kati ya vidole. Udongo wa Juhudi ni luseni, mchanga mweupe usioshika maji hata ukiubembeleza. Huu ulikuwa mbuga, mweusi, unanata.

"Udongo wa kwetu," akasema.

Wakaenda kumuuliza mzee Bundala, aliyekuwa jirani yao Mwandulu na sasa ni jirani yao Juhudi, kwa sababu lori halikuwachanganya. Bundala aliushika mpini, akaugeuza, akaufutia kwenye shati.

"Mayu," akasema, akimwita mama kwa lugha ya kwao, "siku ile ya lori, uliiaga nguzo?"

Kila mtu wa kwao anajua kwamba nguzo ya zizi haiondolewi hivi hivi. Mwenye mji akihama huipiga kwa kiganja, akaiambia, tunahama, twende. Ndipo huikata.

"Yule mgambo alikuwa anapiga kelele, baba," akasema.

"Basi haijui kama imehama. Yenyewe inajiona bado iko kwetu, na kwetu kunanyesha." Bundala akamrudishia kisu. "Mna ugoro?"

Walikuwa nao. Wakamgawia, na mazungumzo yakahamia kwenye jambo lenye uzito, yaani mvua ya kupandia inapiga Mwandulu na hakuna hata mtu mmoja aliyeko huko kupanda.

Hapo ndipo Nyanjige alipoanza kupiga hesabu. Alikuwa na kibuyu kimoja cha mbegu za mtama na ungo mmoja wa mbegu za maboga. Mwandulu ni mwendo wa kutoka alfajiri mpaka adhuhuri. Akipanda ndani ya wiki mbili, mwezi wa tano atakula, na Nyamizi na watoto wake watakula. Asipopanda, wote watabaki kutegemea mahindi ya njano yaliyoshushwa kwa treni Malampaka, vibaba viwili kwa mtu kwa wiki. Lakini hakuna aliyeruhusiwa kukanyaga mahame bila kibali. Waliojaribu walirudishwa kwa lori, na majembe yao hayakurudi.

Asubuhi akaenda ofisini. Katibu wa kijiji alikuwa Januarius, mtu wa Ukerewe, mnyoofu, asiye na makuu, aliyepanga karatasi zake kwa ukubwa. Ukutani nyuma yake palibandikwa tangazo la Kilimo cha Kufa na Kupona.

"Mwangaluka, Katibu," akamwamkia.

"Mwangaluka, mayu. Karibu."

Nyanjige akaweka mezani kisu alichoazima kwa mwenzake mmoja, chake kikibaki kikombeni.

"Toa, toa! Hiyo ni nakala ya tatu!" Januarius akaiokoa karatasi yake, akaipepea. Kisha akaangalia kilichoilowesha. Akaufuta mpini kwa leso, akasubiri, akaufuta tena. Alikuwa mtu wa kupenda kujua, na sasa akavuta kiti karibu.

"Hii mvua ni ya wapi?"

"Mwandulu. Nimekuja kuomba kibali nikapande."

"Ya kiasi gani?"

"Ya kupandia."

"Mayu, nikiandika 'ya kupandia' huko juu watanicheka. Wanataka milimita."

Nyuma ya ofisi palikuwa na kipimo cha mvua kilicholetwa na serikali, mkebe wenye mdomo mpana, ambao mpaka siku ile ulikuwa umekinga mjusi mmoja. Januarius akamtoa mjusi, akakitundika kisu juu ya mkebe kwa kamba, mpini chini, akakizungushia miiba ili mbuzi wasikisumbue. Kesho yake akapima milimita thelathini na nane. Keshokutwa ishirini na nne. Siku ya tatu hakusubiri hata chai. Alitoka na mswaki mdomoni, akachungulia, akasema "Ala!" na kwenda kuandika. Wiki nzima alikuwa mtu mwenye furaha. Alimuuliza Nyanjige kama upepo wa Mwandulu hutoka mashariki, kama mpini mrefu hukinga zaidi ya mfupi, na kama nguzo ya kushoto nayo ingefanya hivi. Nyanjige alimjibu yote, maana aliona kila swali linasogeza kibali.

Kila mwezi Januarius alipaswa kujaza fomu ya mvua. Miezi mitatu mfululizo alikuwa ameandika sifuri, na zile sifuri zilimtia haya, kana kwamba ni yeye anayeizuia mvua. Fomu ilisema: Mvua iliyopimwa kijijini. Januarius hakuwa mwongo, kwa hiyo alifikiri siku mbili nzima. Mvua ilinyesha Mwandulu, hilo kweli. Lakini ilipimwa Juhudi, kijijini, kwa kipimo cha serikali. Fomu haikuwa na mahali pa kuulizia ilikonyesha. Akaandika, akaibana pamoja na ombi la kibali la Nyanjige, akavituma vyote kwa pamoja ofisi ya juu.

Nyanjige akaanza kusubiri. Kila asubuhi alipita ofisini.

"Bado, mayu."

Kila jioni alizianika mbegu zake na kuzirudisha ndani. Mpini ulitiririka usiku na mchana. Akawa anaamka na kuushika kabla ya kunawa uso, na siku ukiwa na tope alijua upande gani wa shamba umejaa maji. Furaha na uchungu vilimjia kwa pamoja, akashindwa kujua amlilie nani.

Ijumaa moja Khatibu akaja kwa baiskeli kutoka Somanda. Khatibu alikuwa na duka huko, na alikuwa amechukua visu ishirini na viwili.

"Mama, visu vyako vinanivujia kwenye sukari," akasema, akiwa bado juu ya baiskeli.

"Vitundike mbali na sukari."

"Nimevitundika. Mwanamisi, mke wangu, ameweka ndoo chini. Inajaa. Nikamuuliza shehe kama yafaa kutawadhia. Akasema maji ya mvua ni tohara, hata yakipitia mpini."

"Basi tatizo liko wapi?"

"Tatizo? Hakuna tatizo. Visima vya mjini vimekauka, watu wanaulizia visu kila siku. Nimekuja kujua vingine utaleta lini."

"Mti umekwisha."

"Na ile nguzo nyingine niliyosikia?"

"Iko kwetu," Nyanjige akasema. "Niombee dua kibali kitoke."

Khatibu akainua mikono akaomba palepale, kwa dhati, kisha akanywa maji ya kikombe cha bati na kwenda zake.

Majibu yalifika wiki ya kwanza ya Desemba. Januarius aliifungua bahasha mbele ya Nyanjige, akaanza kusoma kwa sauti ya mkutano, na sauti ikawa inapungua kadiri alivyoshuka. Kwanza, Kijiji cha Juhudi kilipongezwa kwa kuongoza kwa mvua katika vijiji vyote vipya. Pili, kwa kuwa kimejaliwa mvua hiyo, kimeondolewa kwenye orodha ya mahindi ya njano, ambayo yatapelekwa kwenye vijiji vyenye ukame. Tatu, kijiji chenye mvua ya kutosha hakina sababu ya mtu wake kwenda kupanda kwenye mahame. Ombi limekataliwa.

"Soma tena hiyo ya tatu," Nyanjige akasema.

Akasoma tena.

"Uliwaandikia nini wewe?"

"Nilichopima, mayu."

"Uliwaambia mvua ni ya Mwandulu?"

"Fomu haina pa kuandika hivyo."

Nyanjige alitaka kumtukana, lakini alimwona Januarius anavyoilaza ile barua mezani na kuinyoosha kwa viganja, akashindwa. Akachukua mkoba wake akaondoka. Ilikuwa mvua ya kwao wenyewe iliyowanyima ruhusa ya kuifuata.

Wiki ile lori la mahindi lilipita Juhudi bila kusimama. Nyamizi akaja.

"Mayu, iambie nguzo."

Nyanjige alijua anaambiwa nini. Nguzo ikijua imehama, mipini itakauka. Mipini ikikauka, Katibu ataandika sifuri, na wenye sifuri wanapewa mahindi.

"Nikiiambia, nani atatuambia kama kwetu kunanyesha?"

"Tukishajua kunanyesha tunakula nini?"

Siku ya tatu Nyanjige alimpa nusu ya mbegu za maboga awakaangie watoto. Alikaa pale jikoni akawaona wanavyozila, maganda na vyote, na mdogo anavyolamba chungu. Akarudi kwake.

Alikaa kizingitini na kisu mapajani, jua likiwa limesimama juu ya kijiji. Hakuanza na neno lile. Alianza na habari za kumpelekea Masele, kwa kuwa alijua akishalisema hakutakuwa na wa kuzipeleka. Alimwambia visu vyote arobaini na kimoja vimepata mipini na hakuna uliopasuka. Alimwambia ng'ombe wawili wamekufa njiani na mmoja yupo, anakonda. Alimwambia kinu alikisahau, atamsamehe. Alimwambia hakumkimbia. Mpini ulikuwa unatiririka muda wote huo, maji yakapita kwenye magoti yake na kushuka mpaka miguuni. Alikaa nayo hivyo kwa muda, maana yalikuwa ya baridi na yalinuka zizi.

Kisha akaupiga mpini kwa kiganja.

"Tumehama," akasema. "Mwezi wa nane, kwa lori. Samahani sikukuaga. Kulikuwa na kelele. Haya, twende."

Mpini ukakauka mkononi mwake. Ulikauka pia kwa Nyamizi, na kwa wale wanawake wengine, na juu ya kile kipimo nyuma ya ofisi, na dukani kwa Khatibu, ambako siku ile ile wateja watatu walirudisha visu wakidai ni vibovu.

Januarius akaandika sifuri. Safari hii aliiandika bila aibu, akaizungushia duara. Akaandika sifuri wiki nzima, akapeleka mwenyewe mpaka ofisi ya juu kwa miguu, ili isichelewe, na akasubiri majibu akiwa amekaa kwenye benchi la nje siku mbili.

Majibu yalikuwa mafupi. Kijiji kinachoongoza kwa mvua hakiwezi kupata sifuri siku saba mfululizo, kwa hiyo kipimo chake kimeharibika. Fundi atatumwa. Mpaka fundi atakapofika, katibu asipime, bali aandike wastani wa wiki zilizopita, yaani milimita thelathini na moja kwa siku. Orodha ya mahindi haitabadilishwa.

Januarius akarudi Juhudi, akaandika thelathini na moja. Akaibandika nakala kwenye ubao ndani ya ofisi, kama alivyotakiwa. Kesho yake thelathini na moja. Januari ikafika, fundi hakufika. Luseni ya kijiji ikawa inapeperuka mpaka ndani ya vyungu, na kwenye ubao mvua ikawa inanyesha bila kupumzika.

Jumatatu moja Nyanjige akaingia ofisini amejifunika gunia. Alikuwa ameikunja kona moja ikaingia ndani ya nyingine, kama watu wanavyofanya wakikutwa na mvua shambani, na ameshika pindo chini ya kidevu.

"Mwangaluka, Katibu. Naona kwenu haijakatika."

Januarius akamtazama, akautazama ubao. Hakucheka. Akakusanya karatasi zake akaziweka chini ya meza, akasogea mwisho wa benchi.

"Sogea huku, mayu. Hapo utalowa."

Nyanjige akasogea. Wakakaa bega kwa bega, migongo ukutani.

"Kibali changu?"

"Nimeandika tena. Wamesema baada ya mavuno."

"Mavuno ya nini?"

"Ya mvua hii."

Nyanjige akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichokusudia kununua. Alifungua fundo la kanga yake. Ndani mlikuwa na zile mbegu za maboga zilizobaki, zote. Akatoa kisu chake, kikavu, mpini mweusi unang'aa, akaanza kuzibangua kwa ncha, moja yake, moja ya Januarius. Wakazila polepole, wakisubiri mvua ipungue.